Kuna Mkono wa Mtu: Riwaya ya Kutisha Inavyomshika Msomaji

Riwaya ya mizuka ukiisoma saa nne asubuhi, umekaa kituoni unangoja daladala, ni karatasi na wino tu. Kitabu hichohicho ukikishika saa sita usiku, nyumba nzima imelala, unajikuta umebanwa na haja ndogo na huthubutu kutoka kwenda choo cha uani. Unajua kabisa nje hakuna mtu. Unajua mwandishi ni binadamu kama wewe, anakula wali maharage na anadaiwa kodi ya nyumba. Na bado miguu inagoma.

Wengi watakwambia ni giza na upweke. Giza linasaidia, lakini halitoshi: ziko hadithi za kutisha ambazo hata ukizisomea makaburini usiku wa manane utaishia kusinzia. Kinachofanya kazi ni mpangilio: nani anasimulia, anaficha nini, na anakificha mpaka lini. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo la ziada ambalo wananadharia wa Ulaya hawakulitia hesabuni, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Nitalifikia.

Kwanza tutenganishe hofu na hofu. Mwingereza Ann Radcliffe, aliyevuma miaka ya 1790 kwa riwaya zake za ngome kuukuu, aliacha maandishi yaliyochapishwa mwaka 1826, yeye akiwa ameshafariki miaka mitatu nyuma. Humo alisema kuna hofu ya kitu ambacho bado hakijaonekana vizuri, nayo huiamsha akili na kuipanua roho. Halafu kuna hofu ya kitu kilichoanikwa mbele ya macho, nayo huigandisha roho ikasinyaa. Mwandishi mchanga hukimbilia hii ya pili. Sura ya kwanza tu tayari kuna kichwa kisicho na kiwiliwili, macho mekundu kama kaa la moto, kucha ndefu zinadondosha damu. Kufikia sura ya tatu msomaji ameshazoea, anapiga miayo.

Ile ya kwanza ndiyo tunayoiita taharuki katika masomo ya fasihi. Wanafunzi hukariri kwamba taharuki ni kumtia msomaji hamu ya kujua kitakachotokea mbele. Ni sawa, ila hata hadithi ya mapenzi ina hamu hiyo. Riwaya ya mizuka ina kitu cha ajabu zaidi: unataka sana kujua, na papo hapo unaomba usijue. Mkono unafunua ukurasa huku jicho moja limefumbwa.

Mfano bora ninaoujua ni kitabu kifupi cha Henry James, Mmarekani aliyefanya makazi yake Uingereza. Kinaitwa The Turn of the Screw, cha mwaka 1898. Binti wa mchungaji wa kanisa, mwenye miaka ishirini hivi, anaajiriwa kufundisha na kulea watoto wawili yatima, Miles na Flora, katika jumba la shambani liitwalo Bly. Baada ya muda anaanza kuwaona watu wawili ambao hawapaswi kuwepo: Peter Quint, aliyekuwa mtumishi wa jumba hilo, na Miss Jessel, mwalimu aliyemtangulia. Wote wawili wameshakufa. Na yeye anaamini wamewafuata watoto.

Kuna mahali kwenye sura ya 6 panapostahili kutazamwa kwa karibu. Ni alasiri, mwalimu amekaa kando ya ziwa na kazi yake ya kushona, Flora anacheza hatua chache kutoka kwake. Bila kuinua uso, mwalimu anahisi kwamba ng'ambo ya maji kuna mtu anawatazama. Mwandishi wa kawaida angemfanya ainue uso hapo hapo, apige yowe. James hafanyi hivyo. Anamfanya mwalimu amtazame mtoto kwanza, aone kama na yeye ameona. Mtoto kafanya nini? Amenyamaza. Kelele zake zote za mchezo zimekatika. Na ameligeuzia ziwa mgongo. Ameokota kibao kidogo bapa chenye tundu, anahangaika kuchomeka kijiti katikati kiwe mlingoti, apate mashua yake.

Basi, hakuna zaidi ya hapo. Hakuna damu wala ukelele. Kuna mtoto aliyekazana na mchezo wake kupita kiasi. Je, amekazana kwa sababu ni mtoto, au anajifanya haoni? Mgongo wa Flora unaweza kusomwa kwa namna zote mbili, na msomaji ndiye anayeubeba uzito wa kuchagua. Miaka kumi baadaye, kwenye utangulizi aliouandika mwaka 1908, James alieleza siri ya kazi yake: ukimfanya msomaji auwaze uovu mwenyewe, wewe mwandishi huna haja ya kuutaja. Kila mtu ana kabati lake la mambo anayoyaogopa. Mwandishi mjanja hakuletei lake, anafungua lako.

Tazama pia jinsi alivyoifunga milango ya kutokea. Swali ambalo kila msomaji wa Kiafrika huuliza mbele ya filamu au riwaya ya kutisha ni moja: kwa nini asiondoke? James amelijibu mapema. Tajiri mwenye watoto, ambaye ni ami yao na anaishi London, alimpa mwalimu sharti moja kabla ya kumwajiri: asimsumbue kamwe, asilalamike, asimwandikie, kila kitu amalize mwenyewe. Sharti linaonekana la kiungwana, la bosi mwenye shughuli nyingi. Mizuka inapotokea ndipo tunatambua kwamba ni kufuli.

Kwa anayeandika Kiswahili kazi ya kufunga milango ni ngumu zaidi, maana mhusika wetu hayuko peke yake. Ana jirani wa kumgongea ukuta, ana shangazi, ana shehe au mchungaji wa kumwita, na siku hizi ana simu. Wapo wanaotatua kwa kusema chaji imekwisha. Ni njia ya uvivu. Njia yenye nguvu ni ile ambayo msaada upo lakini mhusika hawezi kuuomba bila kufichua aibu yake: mke aliyekwenda kwa mganga kwa siri hawezi kumweleza mumewe kinachomtokea usiku. Nyumba imejaa watu na yeye yuko peke yake vilevile.

Sasa, je, mizuka ya Bly ipo kweli au mwalimu amerukwa na akili? Hapo wasomi wamepigana kwa zaidi ya miaka mia. Wanaosema ipo wana hoja nzito: mwalimu hakuwahi kumwona Quint akiwa hai, lakini anamweleza kwa Bi. Grose, msimamizi wa nyumba, kwa undani, hana kofia, nywele nyekundu sana za kujisokota, na Bi. Grose anamtambua papo hapo. Wanaongeza kwamba James mwenyewe aliandika kwenye daftari lake, Januari 1895, kuwa wazo la hadithi alilipata kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Edward White Benson, aliyemsimulia kisa cha watumishi wafu wanaowarudia watoto. Upande wa pili uliongozwa na mhakiki Edmund Wilson, ambaye mwaka 1934 alidai mizuka yote imo kichwani mwa binti mpweke aliyempenda tajiri wake kimyakimya. Na kweli, siku mwalimu anapomwonyesha Bi. Grose kivuli cha Miss Jessel ng'ambo ya ziwa, kwa kidole kabisa, Bi. Grose haoni kitu.

Mwaka 1970 Tzvetan Todorov, Mbulgaria aliyefanya kazi Ufaransa, aliigeuza hali hii kuwa nadharia. Alisema fasihi ya aina hii huishi kwenye kusitasita. Tukio la ajabu limetokea. Ama lina maelezo ya kawaida (ndoto, ugonjwa, ulaghai), ama ulimwengu una sheria tusizozijua. Muda wote msomaji anaposita kati ya hayo mawili, hadithi iko hai. Akishaamua upande mmoja, ametoka. Ni nadharia nzuri, fupi, na hufundishwa kila mahali.

Shida yake ni kwamba imejengwa juu ya msomaji wa aina moja: yule anayeanza na dhana kwamba mizuka haipo, halafu anatikiswa. Chukua msomaji wa Tanga, Mombasa au Bukavu. Mwislamu anajua kwamba majini yametajwa ndani ya Kurani. Sura ya 72 imeitwa kwa jina lao. Mkristo amesoma Injili, ameona pepo wakitolewa kwa watu na kuingia nguruwe. Hata yule anayejiita msomi asiyeamini chochote ana mjomba ambaye nyumba yake haijengeki, kila akipandisha ukuta unapasuka. Mpe msomaji huyu habari za Quint dirishani. Hatauliza kama mizuka ipo. Atauliza: huyu katumwa na nani?

Hiyo ndiyo taharuki yetu, na ina kanuni zake. Mwanaanthropolojia Edward Evans-Pritchard aliieleza vizuri bila kukusudia kuzungumzia riwaya. Alikaa na Wazande, watu wa Sudan Kusini ambao wako pia Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kitabu chake kikatoka mwaka 1937. Wazande hukaa chini ya ghala la nafaka kukwepa jua la mchana. Siku nyingine ghala huporomoka likaumiza watu. Kila mtu anajua mchwa wamekula nguzo, hakuna anayebisha. Lakini kwa nini lianguke saa ileile, watu walewale wakiwa chini yake? Kwa Wazande, mchwa hawajibu swali hilo, uchawi ndio unaolijibu. Sisi tunasema kuna mkono wa mtu, na tunasema hivyo hata pale ripoti ya polisi imeshaandika breki zilikatika.

Hivyo mashaka ya msomaji wetu hayako kwenye mstari kati ya kuwepo na kutokuwepo. Yamo ndani ya familia. Adui si kivuli cha ng'ambo ya ziwa, ni mtu aliyekuja jana na chapati za kuwapongeza. Hofu ya aina hii haiishi ukifunga kitabu, kwa sababu kesho asubuhi una shangazi wa kumwamkia.

C. G. Mung'ong'o alilielewa hili mwaka 1977 alipoandika Mirathi ya Hatari. Kijana msomi anaitwa nyumbani, baba yu mahututi, na urithi anaokabidhiwa ni uchawi. Mung'ong'o hapotezi kurasa kutushawishi kwamba uchawi upo. Anakwenda moja kwa moja kwenye swali linalouma: mtoto aliyesoma, aliyepewa kitu asichokiomba na asichoweza kukirudisha, afanye nini nacho? Katika riwaya za Kizungu urithi ni jumba lenye mizuka, unaweza kuliuza. Hapa umewekwa ndani yako.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa amepita njia nyingine kabla. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, inaanza kama hadithi ya mahali pa kuogopwa, lakini mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anakataa jibu la mzimu. Kwake mauaji ni kazi ya binadamu, na binadamu ana sababu. Ukitazama juujuu utasema ni riwaya ya upelelezi, si ya kutisha. Mimi naona ni swali lilelile, nani katuma, ila limepewa mtu wa kulijibu kwa ushahidi badala ya ramli. Hata Radcliffe alikuwa na desturi hiyo: mwishoni mwa riwaya zake karibu kila sauti ya usiku hupatiwa maelezo ya kawaida, na wasomaji wake wengine walimchukia kwa hilo.

Nguvu ya hadithi isiyo na kitabu pia inafaa kukumbukwa. Mwaka 1995 Pemba ilikumbwa na Popobawa, kiumbe kilichosemwa kuwavamia watu usiku vitandani mwao. Habari zikavuka hadi Unguja, zikafika Dar es Salaam. Watu walilala nje kwa makundi, wamewasha moto, wanapokezana kukesha. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudishwe, na hali ya Visiwani ilikuwa tete. Wapo waliosema kimetumwa kwa sababu za kisiasa. Lakini kwa anayechunguza usimulizi, jambo la kutazama ni sharti lililoambatana nacho: aliyevamiwa ilimpasa awaambie wenzake, akinyamaza kitamrudia. Fikiria ustadi wa sharti hilo. James alilazimika kutunga mlolongo mzima, bwana mmoja anayeitwa Douglas anawasomea wenzake, wakati wa Krismasi, maandishi ya mwalimu aliyekufa miaka ishirini iliyopita, ili tu hadithi ipate sababu ya kusimuliwa. Popobawa alikuja na sababu yake mkononi: simulia au uteseke. Hadithi inayojisambaza yenyewe namna hiyo haihitaji mchapishaji.

Kuhusu mwili sina mengi, maana yanajulikana. Ubongo una sehemu ndogo iitwayo amigdala inayopiga king'ora kabla akili haijapima kama hatari ni ya kweli. Adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, vinyweleo vinasimama. Akili inafika baadaye na kusema ni kitabu tu, mwili unatulia, na ule msisimko uliobaki unageuka kuwa raha. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alilitolea maelezo jambo hili miaka ya 1970: msisimko wa tukio moja hauishi mara moja, huingia kwenye hisia inayofuata na kuizidishia makali. Ndiyo sababu baada ya sura ya kutisha hata kikombe cha chai huwa kitamu. Mwanafalsafa Noël Carroll, katika kitabu chake cha mwaka 1990, aliongeza kwamba tunachokifuata si hofu yenyewe. Tunafuata udadisi juu ya kitu kisichopaswa kuwepo, na hofu ni nauli tunayolipa. Nadhani yuko sahihi kwa msomaji wake. Kwa wetu ningebadilisha kidogo: udadisi ni juu ya mtu tunayemjua.

Yote haya yanaonekana wazi kwenye hadithi za mfululizo. The Turn of the Screw yenyewe ilitoka kwa vipande kwenye gazeti la Collier's Weekly, kuanzia Januari hadi Aprili 1898. Magazeti pendwa yetu yamefanya hivyo kwa miaka, na sasa hadithi zimehamia Facebook na makundi ya WhatsApp, ambako kipande kinachofuata ni cha waliolipia buku yao. Wapo watunzi humo wenye kipaji kikubwa cha kukata hadithi panapouma. Wanajua kwamba mkono ukigusa kitasa cha mlango, hapo ndipo pa kuandika "itaendelea". Wanapoharibu ni mwishoni. Sehemu hamsini za mashaka, halafu mchungaji anaingia, anakemea, jini linapiga kelele na kutoka, kila mtu anafurahi. Sipingi maombi. Ninachosema ni kwamba swali la nani katuma limeachwa sakafuni, na msomaji aliyelipa anastahili jibu, au angalau anastahili kunyimwa jibu kwa makusudi kama James alivyowanyima wake.

Na kujibu kuna hatari yake, ambayo mwandishi wa London hakuwa nayo. Usukumani, katika mikoa kama Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na miongoni mwa "ushahidi" ulikuwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Hivyo mtunzi anapomaliza riwaya yake kwa kumfichua bibi wa jirani mwenye macho mekundu, hajatunga chochote. Amenakili tuhuma iliyopo mtaani na kuipiga muhuri. Ni udhaifu wa sanaa kabla hata hatujafika kwenye maadili: bibi huyo ndiye mshukiwa wa kwanza wa kila msomaji, kwa hiyo taharuki haikuwepo. Mtunzi aliyekomaa humtumia bibi kama Bwana Msa angemtumia, yule ambaye wote wanamnyooshea kidole huku mwenye sababu halisi amekaa msibani, anapanga viti.

Anayetaka kujaribu aina hizi mbili za hofu, ya mkono wa mtu na ya kusitasita, aanze na Mung'ong'o, kisha amchukue James. Kitabu cha James si kinene, ni utangulizi na sura 24 fupi, na kwa kuwa mwandishi alifariki mwaka 1916 kinapatikana bure intaneti. Kiingereza chake ni kizito, sentensi moja inaweza kuzunguka nyumba nzima kabla ya kuingia ndani, kwa hiyo usikisome kwa haraka na usikisome umechoka. Ukifika sura ya 6, pale ziwani, mwangalie Flora na kibao chake kabla ya kutazama ng'ambo.